Droo ya Tatu

Nyuma ya kliniki, Kakamega, Barabara ya Mumias,
nachonga meno ya watu nisiowaona vinywa.
Huletwa kalibu za plasta tu, jina na nambari.
Droo ya tatu haifungi sawasawa:
humo yamelala yasiyochukuliwa.
Ya Lubanga, juu na chini, tangu mwaka wa uchaguzi.
Manne ya mbele ya mwalimu aliyehamishiwa Lodwar.
Waliweka arbuni, wakapotelea kwenye karo, matanga, mbolea.

Ufizi bandia hauozi. Hauna pa kwenda.
Siku moja, mvua ya saa tisa ikipiga mabati,
niliusaga mmoja, nikauchanganya na maji yake makali,
nikaukanda kabla haujashika.
Kufikia radi ya mwisho ulikuwa na miguu,
kofia, na mkono mmoja juu
kama anayesimamisha gari, au anayeapa.

Sasa ni askari arobaini na mmoja.
Kimo chao: kiungo cha juu cha kidole gumba.

Watu hudhani kazi ni kupaka. Kazi ni kungoja.
Kwanza rangi ya msingi, ya kijivu,
nyepesi kama maziwa ya mchuuzi asiyeogopa Mungu,
maana rangi nzito hufuta uso
na askari asiye na uso ni kokoto.
Kisha mwili, kisha nguo, kisha mkanda,
toka ndani kwenda nje, kama mtu anayejivika.
Maji ya kahawia hutafuta mikunjo yenyewe,
hutulia kwapani, chini ya kidevu,
yakaweka kivuli bila kuambiwa.
Jicho ni la mwisho:
brashi ya nywele tatu za mbuzi
na pumzi iliyofungiwa kifuani.
Nukta.
Ikienda kombo, askari anatazama Webuye kwa jicho moja
na Vihiga kwa jingine.
Watatu nimewaacha hivyo. Ni wapelelezi.

Jumamosi huja Lihanda na jeshi lake la dukani,
alilotumiwa na shemeji aliye Doha,
amelipaka rangi ya kucha ya mkewe;
linameta kama msafara wa harusi.
Uwanja wetu ni mlango wa zamani,
vilima ni vikombe chini ya taulo,
na futi ya fundi cherehani hupima mwendo.
Tunauana hadi taa iwashwe,
halafu tunabishana nani alipe chai.

Mwezi wa nne akaingia Kageha wa Mbale.
"Nimeleta salio," akasema kwa ufizi mtupu,
akifungua leso fundo kwa fundo.
Miaka mitatu. Noti zilikuwa laini kama kitambaa.
Nikavuta droo, nikapekua kana kwamba sijui.
Meno yake, ole wangu, niliyavunja wakati wa Krismasi:
ni mawe chini ya kwato za farasi watano.
Na ufizi ndio mshika bendera, kikosi cha pili.

Nilidanganya kidogo. Fundi hayupo, stima imepotea.
Kisha nikamweka mshika bendera kiganjani mwake.
Akamtazama kwa mbali, akamtazama kwa karibu.
Nje, matone ya kwanza.

"Huyu ndiye mimi?"
"Sehemu."
"Mbona amefumba mdomo?"

Arobaini na mmoja.
Vifungo nimepaka, kamba za viatu nimepaka,
kovu, kutu, tope la Lurambi hadi magotini,
na mimi, mchonga meno,
sijampa hata mmoja jino.

Nikamwahidi mapya kwa wiki mbili, bure.
"Salio ni salio," akasema, akaziacha noti mezani
na kuinua leso kichwani dhidi ya mvua.

Usiku nikatwaa keekee nyembamba kuliko zote,
nikamtoboa mshika bendera chini ya pua,
tundu la kupita mguu wa sisimizi,
na ndani, kwa nywele tatu, weupe.

Jumamosi Lihanda akainama, miwani kwenye paji:
"Huyu wako amezingirwa pande zote.
Anacheka nini?"

Nikarusha dadu.